Mwongozo Kamili: Kuchunguza Jamii za Vijiumbe na Mzunguko wa Virutubisho katika Chemchemi za Maji Moto za Bogoria

Tafiti nyingi za vijiumbe vya chemchemi za maji moto huishia kwenye orodha ya majina ya bakteria na arkea waliopatikana, pamoja na mchoro wa rangi unaoonyesha nani ni wengi na nani ni wachache. Orodha hiyo ina faida yake, lakini haielezi nitrojeni kiasi gani imeingia kutoka hewani katika utando (tabaka laini la vijiumbe linalofunika mawe na udongo wa mfereji), imetumiwa na nani, wala imetoka tena kwa njia gani. Mzunguko wa virutubisho ni mwendo, na mwendo hupimwa kwa kiasi na kwa muda. Kwa sababu hiyo mwongozo huu, unaomlenga mwanafunzi wa shahada ya uzamili na mtafiti anayeanza, unasimama juu ya sharti moja: maji na utando vichukuliwe mahali pamoja na kwa wakati mmoja, na kazi yote irudiwe usiku, kwa kuwa utando huohuo hufanya mchana kazi zinazokaribia kupingana na zile za usiku.

Mfano utakaotumika ni chemchemi za Ziwa Bogoria katika Kaunti ya Baringo, Kenya, hasa zile za Loburu na Chemurkeu katika ufuo wa magharibi. Ziwa lenyewe ni la magadi, halina mto unaotoka, na pH yake hukaribia 10. Maji ya chemchemi zake yana sodiamu na bikaboneti kwa wingi. Mbinu zilizoelezwa hapa zinafaa pia kwa chemchemi nyingine za Bonde la Ufa, mradi mtafiti apime kemia ya mahali pake kabla ya kuzifuata.

Joto linavyopanga wakazi

Mtafiti asiyeelewa jambo hili atachagua vituo vibaya, hivyo tulianze. Kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000 maji huchemka karibu na nyuzi joto 97 za Selsiasi, na baadhi ya mianya ya Bogoria hutoa maji yanayokaribia kiwango hicho. Kadiri maji yanavyotiririka kuelekea ziwani, yanapoa, yanapoteza gesi ya kaboni dioksidi, pH yake inapanda, na oksijeni ya hewa inaingia. Mfereji mmoja wa makumi ya mita hubeba, kwa hiyo, mazingira mengi yaliyopangwa kwa mfuatano.

Mpaka muhimu kuliko yote ni nyuzi 73 hivi. Juu ya hapo usanisinuru haujulikani kufanyika, na maisha hutegemea nishati ya kemikali: kundi la bakteria la Aquificales, kwa mfano, hupata nguvu kwa kuunguza haidrojeni au misombo ya salfa kwa oksijeni kidogo iliyopo. Chini ya nyuzi 73 sianobakteria (bakteria wanaofanya usanisinuru) wa kwanza huanza kuonekana, na katika chemchemi za Yellowstone nchini Marekani, ambako Thomas Brock na Hudson Freeze waligundua Thermus aquaticus katika miaka ya 1960, wale wanaostahimili joto hilo ni wa jenasi ya Synechococcus. Karibu na nyuzi 60 na kushuka, sianobakteria wenye nyuzinyuzi kama Mastigocladus laminosus huweza kuishi, na hao wana seli maalumu za kunasa nitrojeni ya hewa. Viumbe wenye kiini cha seli hawavuki nyuzi 60 na kitu. Chini ya utando wa kijani mara nyingi kuna tabaka la rangi ya chungwa la bakteria wa Chloroflexus na jamaa zake, wanaotumia mwanga lakini hupenda kula mabaki ya kikaboni yanayotolewa na majirani wa juu.

Hatua ya kwanza: vibali na idhini

Kazi hii haianzi kwa chupa. Anayetaka kuchukua sampuli Bogoria anahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kibali cha NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) cha kufikia rasilimali za kijenetiki chini ya kanuni za mwaka 2006, na ruhusa ya uongozi wa hifadhi, ambayo iko chini ya Kaunti ya Baringo. Sampuli zikitoka nje ya nchi panahitajika pia mkataba wa kuhamisha nyenzo. Utaratibu huu ni mrefu, lakini una sababu yake. Vijiumbe vilivyokusanywa katika ziwa hili mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilihusishwa baadaye na vimeng'enya vya viwandani vya kupausha nguo za jinzi, na mzozo kuhusu nani alistahili kunufaika uliendelea kwa miaka mingi. Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, imeweka msingi wa kimataifa wa mambo haya.

Idhini ya wenyeji haipaswi kuchukuliwa kama nyongeza ya hiari. Waendorois, jamii ya wenyeji wa eneo hili, walihamishwa kutoka ardhi hii katika miaka ya 1970 hifadhi ilipoundwa, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitambua haki zao katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2010. Zipo chemchemi na sehemu za ufuo ambazo kwao ni mahali pa ibada. Waulize wawakilishi wao ni mifereji ipi isiguswe, na jibu lao liandikwe kwenye mpango wa kazi kabla ya kuchora ramani ya vituo.

Hatua ya pili: usalama

Ardhi inayozunguka mianya huweza kuwa gamba jembamba juu ya maji yanayochemka. Tembea na mwenyeji anayeijua, pima kila hatua kwa fimbo imara, vaa gambuti ndefu na glavu zinazozuia joto, na usiruhusu mtu yeyote kufanya kazi peke yake. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa na hukaa kwenye mabonde madogo asubuhi isiyo na upepo, kwa hiyo usichuchumae ndani ya shimo lililo karibu na mwanya. Pale penye salfidi ya haidrojeni, kumbuka kwamba pua huacha kuinusa gesi hiyo inapozidi, hivyo kutoweka kwa harufu hakumaanishi kwamba hatari imekwisha.

Kwa kazi ya usiku, njia yote iwekwe alama za kung'aa wakati wa mchana, na mipira ya silikoni ya kuvutia maji ifungwe kwenye vigingi mapema, ili alfajiri sampuli zivutwe kwa sirinji kutoka mahali salama.

Hatua ya tatu: kuchagua mfereji na vituo

Chagua mfereji mmoja wenye chanzo kimoja, usiopokea maji ya chemchemi nyingine pembeni. Epuka ile ambayo wageni huchemshia mayai, kwa sababu maganda, chumvi na mabaki ya chakula ni virutubisho vya kigeni, na pia mwisho wa chini ambako heroe hukusanyika, kwani kinyesi chao kitafunika matokeo yako yote ya nitrojeni na fosforasi.

Vituo vipangwe kwa joto badala ya umbali. Kiwango cha maji ya Bogoria kimepanda sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kufunika baadhi ya chemchemi zilizokuwa nchi kavu, na hata mvua ya usiku mmoja inaweza kusogeza mstari wa nyuzi 60 kwa hatua kadhaa. Ukiandika "mita 12 kutoka chanzo", mtafiti wa mwaka ujao hatakuwa na njia ya kulinganisha. Vituo vitano vinatosha kwa kazi ya shahada: kimoja juu ya nyuzi 80, kimoja karibu na 73, kisha 65, 55 na 45. Acha kinasa joto katika kila kituo kwa saa 24 kabla ya sampuli ya kwanza, kwa maana kituo ambacho joto lake hupanda na kushuka kwa nyuzi kumi ndani ya siku kina wakazi tofauti na kile kinachotulia.

Pima pia muda wa maji kusafiri kutoka kituo hadi kituo kwa kudondosha jani kavu na kuhesabu sekunde, urudie mara kadhaa. Rangi za kufuatilia maji zisimwagwe katika hifadhi bila ruhusa. Muda huo utakuwezesha kufuata maji yaleyale: ukichukua sampuli kituo cha kwanza, subiri muda uliopimwa ndipo uchukue ya kituo cha pili.

Hatua ya nne: vipimo vya papo hapo

Joto, pH, upitishaji umeme na oksijeni vipimwe ndani ya maji yenyewe. Kifaa cha pH cha kawaida huharibika au kudanganya kikizidi nyuzi 80 hivi, kwa hiyo kwenye vituo vya juu vuta maji kwa sirinji isiyo na kiputo cha hewa, ifunge, iache ipoe ndani ya ndoo ya maji baridi, kisha upime na uandike joto la kipimo hicho. Sirinji ikibaki wazi, kaboni dioksidi itatoka na pH itapanda mbele ya macho yako. Kuhusu oksijeni, maji ya nyuzi 25 usawa wa bahari hushika takriban miligramu 8 kwa lita, na ya nyuzi 60 hayafikishi hata miligramu 5. Asilimia ya ujazo na miligramu kwa lita ziandikwe zote mbili, pamoja na shinikizo la hewa la mahali hapo.

Hatua ya tano: sampuli za maji

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtafiti kujua, hivyo naomba msomaji awe mvumilivu.

Tatizo la kwanza ni amonia. Katika nyuzi 25, nusu ya amoniamu hugeuka gesi ya amonia pH ikifika 9.25. Katika nyuzi 50, mgeuko huo huo hutokea karibu na pH 8.5. Maji moto yenye magadi, kwa hiyo, hupoteza nitrojeni hewani kila dakika, na chupa iliyoachwa wazi juu ya jiwe itakupa tarakimu isiyo na maana. Vuta maji kwa sirinji, yapitishe kwenye kichujio cha mikromita 0.2 moja kwa moja hadi kwenye chupa, kisha uongeze asidi ya salfuriki hadi pH ishuke chini ya 2. Asidi iongezwe tone kwa tone chupa ikiwa wazi, kwa sababu bikaboneti itatoa povu kwa nguvu, na chupa iliyofungwa mapema inaweza kupasuka. Povu likiisha, funga.

Chupa ya nitrati na nitriti isiwekwe asidi. Igandishwe haraka, na nitriti ipimwe siku hiyohiyo ikiwezekana, kwani haidumu. Chupa ya salfidi isikaribie asidi kabisa, maana asidi huifukuza salfidi kama gesi yenye sumu. Iwekewe asetati ya zinki kabla ya kujazwa, ili salfidi ishikwe kama mashapo meupe.

Fosfati ina mtego wake. Mbinu ya kawaida ya rangi ya buluu ya molibdeni huingiliwa na silika na aseniki, na maji ya chemchemi moto huwa na silika nyingi. Andaa mchanganyiko wa majaribio wenye silika ya kiwango cha mfereji wako bila fosfati yoyote, uone utatoa rangi kiasi gani. Magadi nayo hula asidi iliyomo kwenye kemikali ya kipimo, hivyo punguza pH ya sampuli kwanza. Usishangae fosfati ikionekana nyingi kuliko ilivyo katika mito ya kawaida: katika maji ya magadi kalisi imekwisha kushikwa na kaboneti, kwa hiyo haibaki ya kutosha kuizamisha fosfati. Hii ndiyo sababu, katika mifereji kama hii, upungufu wa nitrojeni unastahili kuchunguzwa kabla ya ule wa fosforasi.

Chupa ya mwisho, isiyohitaji kemikali yoyote, ni ya kloridi. Watafiti wengi huiruka, nami naiona kuwa ya lazima, kwa sababu kloridi huonyesha maji yamepungua kiasi gani kwa uvukizi, na bila hiyo hakuna hesabu ya hatua ya nane.

Hatua ya sita: sampuli za utando

Kata ncha ya sirinji ya mililita 5 na uitumie kung'oa kipande cha mviringo, vipande vitatu kwa kila kituo. Utando hupona polepole, hivyo usichukue zaidi ya unachohitaji. Kwa wembe safi tenganisha tabaka la kijani la juu, ambalo mara nyingi halizidi milimita 2, tabaka la rangi ya chungwa, na lile jeusi la chini. Kuchanganya tabaka hizo katika kichupa kimoja kunafuta habari ya thamani kuliko zote, yaani nani anaishi juu ya nani.

Vipande vya DNA viwekwe katika ethanoli safi au kugandishwa papo hapo. Vya RNA (nakala za jeni zinazotumika wakati huo) vizamishwe kwenye nitrojeni ya kimiminika ndani ya sekunde chache, kwa kuwa RNA huvunjika na kubadilika ndani ya dakika, na ukichelewa utasoma jinsi utando ulivyoitikia wembe wako. Juu ya nyuzi 73, pasipo na utando, chuja maji mengi kadiri kichujio kitakavyoruhusu na ukwangue mawe. Beba pia kichupa kitupu kinachopitia hatua zote bila sampuli, ili kionyeshe uchafu unaotoka kwenye mikono na kemikali.

Hatua ya saba: kurudi alfajiri

Chukua seti ya kwanza kati ya saa sita na saa nane mchana, na ya pili kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Mchana sianobakteria hujaza tabaka la juu kwa oksijeni kupita kiwango ambacho maji yangeshika yakiwa peke yake, na pH ndani ya utando hupanda. Jua likizama, upumuaji wa wakazi wote huimaliza oksijeni hiyo haraka, salfidi hupanda kutoka chini, na sianobakteria huanza kuchachusha sukari waliyoihifadhi, wakitoa asetati na misombo mingine ambayo Chloroflexus huitumia.

Nitrojeni ndiyo inayoonyesha umuhimu wa safari hii. Kimeng'enya kinachonasa nitrojeni ya hewa huharibiwa na oksijeni. Synechococcus wa Yellowstone, wasio na seli maalumu za kukilinda, wameonekana kuwasha jeni zake jioni na usiku, utando ukiwa hauna oksijeni. Mtafiti anayefanya kazi mchana peke yake anaweza kuandika kwa nia njema kwamba utando wake haunasi nitrojeni, kumbe alifika saa ambayo kazi hiyo imesimama.

Hatua ya nane: kupima kasi

Kwa unasaji wa nitrojeni, njia iliyo ndani ya uwezo wa maabara nyingi za vyuo vyetu ni jaribio la asetilini, kwa kuwa kimeng'enya kinachonasa nitrojeni hubadilisha asetilini kuwa ethilini, nayo hupimwa kwa kromatografia ya gesi. Weka kipande cha utando na maji ya kituo hichohicho katika kichupa chenye kizibo cha mpira, badilisha takriban asilimia 10 ya hewa yake kwa asetilini, kisha uzamishe kichupa ndani ya mfereji ili kibaki kwenye joto lake halisi. Gesi hutanuka kwa joto, kwa hiyo funga kizibo baada ya kichupa kupata joto, na usahihishe hesabu kwa joto hilo. Asetilini huweza kutengenezwa kwa kabaidi na maji, lakini huja na ethilini kidogo na uchafu mwingine, na hulipuka kwa cheche ndogo. Vidhibiti vitatu havikwepeki: kichupa chenye asetilini bila utando, chenye utando bila asetilini, na chenye utando uliouawa. Kinadharia molekuli tatu hadi nne za ethilini hulingana na molekuli moja ya nitrojeni. Taja uwiano uliotumia.

Kwa kaboni, pima badiliko la oksijeni katika vichupa vinavyopata mwanga na vingine vilivyofunikwa kwa foili ya alumini, kwa saa moja au mbili tu, kwa kuwa viputo vya oksijeni hutokea upesi katika maji moto na kukufanya udhani usanisinuru ni mdogo.

Kisha fanya hesabu ya mfereji mzima. Tuseme, kwa mfano wa kuonyesha hesabu tu, mfereji unapitisha lita 2 kwa sekunde, amoniamu ni mikromoli 10 kwa lita juu na 8 chini, na kloridi imeongezeka kwa asilimia 5 kwa sababu ya uvukizi. Gawanya 8 kwa 1.05 upate 7.62. Upotevu halisi ni mikromoli 2.38 kwa kila lita iliyoingia, yaani takriban 4.8 kwa sekunde. Ikiwa eneo la utando kati ya vituo ni mita za mraba 20, hiyo ni karibu milimoli 0.86 kwa mita ya mraba kwa saa. Bila kloridi ungesema 0.72 na kukosea kwa kiasi kinachoweza kugeuza hitimisho lako. Hata hivyo, sehemu ya upotevu huo ni gesi iliyotoroka. Weka kando ya mfereji sinia pana yenye maji yaliyochujwa, yenye kina na joto linalolingana, kwa muda uleule wa safari ya maji, na uondoe kwenye hesabu kiasi kinachopotea humo.

Hatua ya tisa: maabara na tafsiri

Tando za Bogoria zina kaboneti na ute mwingi unaoshikilia DNA, hivyo ongeza EDTA (kemikali inayoshika metali) na uoshe mara ya pili kabla ya kutoa DNA. Soma jeni ya 16S, inayotumika kutambulisha bakteria na arkea, ili kujua wakazi, kisha utafute jeni za kazi: nifH kwa unasaji wa nitrojeni, amoA kwa uunguzaji wa amonia, nirS, nirK na nosZ kwa kurudisha nitrojeni hewani, dsrB kwa upunguzaji wa salfati. Hakikisha mbinu yako inanasa arkea. Nitrosocaldus yellowstonii, anayeunguza amonia katika joto linalozidi nyuzi 70, alielezwa mwaka 2008, na uchunguzi unaolenga bakteria pekee ungemkosa kabisa.

Kuwepo kwa jeni hakuthibitishi kazi. Maji hubeba seli zilizokufa kutoka vituo vya juu, na DNA yao itaonekana chini kana kwamba wanaishi hapo. Andika kwamba mchakato fulani unafanyika pale tu ambapo angalau aina mbili za ushahidi zinakubaliana, kwa mfano nifH ikionekana katika RNA ya alfajiri na ethilini ikiongezeka katika kichupa cha saa hiyohiyo. Pale jeni ipo na kasi haionekani, sema hivyo waziwazi, na utaje kiwango cha chini ambacho kifaa chako kingeweza kugundua.

Hatua ya mwisho: kuhifadhi na kurudisha

Kila kichupa kibebe namba ya kituo, joto, pH, tarehe na saa, na daftari la uwandani lipigwe picha jioni hiyohiyo. DNA iliyobaki ihifadhiwe katika taasisi ya Kenya iliyotajwa kwenye kibali, na mfuatano wa jeni upelekwe kwenye hazina ya umma kwa masharti ya kibali hicho, namba ya kibali ikiandikwa pamoja nao. Nakala ya jedwali la joto na kemia, ikiwa na maelezo ya Kiswahili, ipelekwe kwa ofisi ya hifadhi na kwa wawakilishi wa Waendorois kabla ya makala kuchapishwa, na ionyeshe wazi ni mianya ipi ilikuwa imefunikwa na ziwa siku ya sampuli.